Game Boy ya Owino yenye ukungu wa betri

Ukiiona Game Boy ya kwanza, ile mashine ya kijivu ya michezo ya mkononi ya 1989, kwenye meza ya vifaa vya mtumba pale soko la Owino, Kampala, fungua kifuniko cha betri kabla ya kutaja bei. Unga mweupe au wa kijani kwenye springi si kifo cha mashine. Ni betri tu zilizovuja.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni dawa. Betri za alkali huvuja majimaji ya alkali, kwa hiyo siki nyeupe huyayeyusha. Betri za bei nafuu za kaboni na zinki, zile za redio na tochi, huvuja tindikali. Hizo zinataka uji mzito wa soda ya kuokea na maji kidogo. Soma maandishi ya betri ukizikuta bado ndani.

Pakaza kwa pamba ya masikio, ngoja povu litulie, kisha futa kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi na uache ikauke vizuri. Usitumie msasa: unang'oa nikeli, na kwa unyevunyevu wa Kampala kutu itarudi haraka.

Uking'oa skrubu 6 za nyuma (2 zimejificha ndani ya chumba cha betri, na bisibisi yake ina ncha tatu), usivute nusu mbili kwa nguvu. Utepe wa nyaya unaziunganisha.

Baada ya hapo, betri 4 mpya za AA. Usipocheza, zitoe.