Miguu inazama? Usikimbilie kuongeza risasi

Kwa muda mrefu nilizamia na kilo 8 za risasi, yaani vile vizito vya kumsaidia mzamiaji kuzama, zote kiunoni, nikijiona nimelala majini kama papa. Siku moja mwenzangu akanionyesha picha: kifua juu, mapezi ya miguuni chini, nyuma yangu wingu la mchanga. Mtu anapanda ngazi!

Nilianza na kiasi. Risasi zikizidi, unalazimika kujaza hewa kwenye jaketi la kuzamia ili uelee. Hewa hiyo hukimbilia mabegani na kuinua kifua, huku mkanda ukivuta nyonga chini. Kwa hiyo nilijipima juu ya maji mwisho wa mbizi, mtungi ukiwa na baa 50 (kipimo cha shinikizo la hewa). Mtungi wa alumini wa kawaida hupungua karibu kilo 2 hewa ikitumika; ukijipima mtungi ukiwa umejaa bila kuhesabu hizo, utahangaika kubaki mita 5 wakati wa kusimama kabla ya kupanda. Toa hewa yote ya jaketi, tulia wima, miguu isicheze, shikilia pumzi ya kawaida (hapo juu tu, ukiwa chini kamwe). Maji yakufikie machoni, na ukitoa pumzi uzame polepole. Mimi nilibaki na kilo 6.

Sasa, zikae wapi? Nilishuka mita 5, nikalala kifudifudi, magoti nimeyakunja, mikono mbele, nikaacha kila kitu kitulie. Kabla ya pumzi ya tatu miguu ilishaanza kuzama. Nikatoa kilo 2 mkandani, nikazitia kwenye vifuko viwili vilivyofungwa kwenye ukanda wa juu wa mtungi, kulia na kushoto. Bado ikashuka, ila taratibu. Mbizi iliyofuata nikapandisha mtungi upana wa vidole vitatu, nikihakikisha haunigongi kisogo. Hapo nikatulia. Zile kilo 4 niliziacha mkandani makusudi, maana dharura ikitokea lazima niwe na risasi za kuangusha.

Badilisha kitu kimoja kwa mbizi moja, la sivyo hutajua kilichosaidia ni kipi. Miguu ikipanda, fanya kinyume: shusha mtungi, au tafuta mapezi mazito zaidi. Na tazama mbele. Ukiinamia geji (kipimo cha hewa na kina) kila dakika, mwili mzima hufuata kichwa.

Kilo zangu 6 ni za maji ya chumvi na suti ya kuzamia yenye unene wa milimita 5. Ziwani hupunguza kilo 2, na huzitoa mkandani, si mgongoni.