Mbwa anafukua ua? Anza kwa kulisoma shimo

Kazi yangu ni kufunza mbwa wa majumbani, huku Nyali, Bamburi na Kisauni mjini Mombasa, na ninachoitiwa zaidi ni mashimo. Nikifika, mwenye nyumba huwa keshayafukia mara kadhaa na mbwa keshachapwa, na shimo liko pale pale. Hutashinda mpaka ujue mbwa anatafuta nini chini.

Hatua ya 1: Lisome shimo kabla ya kulifukia

Zunguka ua saa nane mchana, jua likiwa kali. Shimo pana lisilo na kina, chini ya mkilifi au kando ya tangi la maji, ni la kulalia. Mtaro unaofuata ukuta au kupita chini ya geti ni wa kutorokea. Mashimo madogo yaliyotapakaa kwenye maua, ama anafuata harufu, ama amechoka kukaa bure.

Kuna jike mmoja Bamburi alikuwa akichimba mahali pamoja tu, chini ya bomba linalodondosha maji ya kiyoyozi. Nilitia mkono mle. Mchanga wa juu ulikuwa unaunguza, lakini shubiri moja chini ulikuwa baridi, una unyevu. Na mbwa mwenyewe alikuwa akichapwa kila siku kwa kujitafutia pahali pa kulala.

Hatua ya 2: Mwondolee joto

Kwa Mombasa hii ndiyo sababu ninayoikuta mara nyingi, hasa kaskazi inapokaribia kuisha, Februari na Machi, joto likipita nyuzi 32. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, hujipoza kwa kuhema ulimi nje na kwa kulaza tumbo penye ubaridi. Banda la mabati ni tanuri. Liezeke makuti, liinue kidogo kutoka ardhini, liwe wazi pande mbili upepo upite. Maji yawe kwenye chombo kizito cha udongo au saruji, kivulini, yabadilishwe asubuhi na adhuhuri. Gunia lililoloweshwa, likitandazwa sakafuni, atalipenda kuliko shimo. Jike wa Bamburi tulimfanyia hayo tu, na wiki ya pili akaacha kuchimba.

Hatua ya 3: Mchoshe

Mbwa wengi wa ulinzi hufungiwa mchana kutwa, wakaachiliwa usiku. Mbwa kijana mwenye nguvu zake, akifunguliwa baada ya saa kumi na mbili za kukaa bandani, atafanya nini? Mtembeze nusu saa alfajiri na nusu saa jua likipoa. Usimtoe adhuhuri, lami itamchoma nyayo.

Hatua ya 4: Mpe shimo lake

Kuna mbwa ambao kuchimba kumo damuni. Huyo usimkataze kabisa, mpe pake. Chagua pembe yenye kivuli, chimba mita 2 kwa 1, kina cha nusu mita, zungushia mawe ya matumbawe, jaza mchanga laini. Fukia mpira wake, kamba nene yenye mafundo, na kipande cha nyama iliyochemshwa isiyo na mfupa, akikuona. Akianza kufukua, msifu papo hapo. Ukimkuta kwenye asumini zako, mwite kwa sauti ya kawaida, mpeleke kwenye mchanga wake, msifu akichimba pale. Ukirudi jioni ukakuta shimo la asubuhi, usimchape wala kumsugua pua mchangani. Hawezi kuunganisha kipigo na jambo la saa nyingi nyuma, atajifunza kukuogopa tu.

Hatua ya 5: Linda kitalu na ukuta

Tandaza waya wa kuku juu ya udongo wa kitalu, ncha kali zikunjwe chini, kisha funika kwa udongo kidogo. Miche itapenya kwenye matundu. Kwenye ukuta na geti, zika waya sentimita 30 au panga mawe makubwa. Usizike matumbo ya samaki kuwa mbolea, maana umemwalika mwenyewe. Kama anafukuza panya, usiweke sumu, mbwa anaweza kuila yeye au akamla panya aliyekwisha kuila. Tumia mtego, uuweke asipofika.

Jike anayechimba ghafla huenda ana mimba, na dume anayetoroka usiku huenda amenusa jike wa jirani anayetaka kupandwa. Kwa hao, zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kuhasi. Mbwa anayekula udongo pia mpeleke.

Mpe wiki mbili tatu. Na jambo moja ambalo wengi husahau: kwa nyumba nyingi za Pwani, mwenye nyumba hamgusi mbwa, bawabu ndiye anayemlisha na kukesha naye. Basi hatua zote hizi mweleze yeye, mkae pamoja mbele ya lile shimo la mchanga, na mpira mkabidhi yeye.