Kabla hujaomba nafasi chuo cha maabara

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, simu yangu haipoi. "Mwanangu kapata D ya kemia, D ya baiolojia, D ya fizikia. Si anaweza kusoma maabara?" Kwa karatasi, mara nyingi anaweza. Stashahada ya sayansi ya maabara za afya hapa Tanzania ni miaka 3, na mlangoni wanataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, hayo matatu yakiwamo. Mimi hujali zaidi yale ambayo fomu ya maombi haiyaulizi.

Anza na macho, na sisemi habari ya miwani. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni rangi. Bakteria waliopakwa rangi kwa njia ya Gram, mmoja hubaki zambarau na mwingine hugeuka pinki, na dawa atakayoandikiwa mgonjwa huanzia hapo. Vimelea vya kifua kikuu katika makohozi yaliyopakwa kwa Ziehl-Neelsen ni vijiti vyekundu vyembamba vilivyolala kwenye bluu. Kimelea cha malaria unakijua kwa kinukta chekundu kilichoshikana na ubluu mwepesi. Tulikuwa na kaka mmoja darasani, kichwa kizuri sana, ambaye hadi mwaka wa pili hakuwa amegundua kwamba nyekundu na kijani kwake ni ndugu. Wakati huo ada ya mwaka na nusu imeshakwenda. Kasoro hii huwapata zaidi wanaume, kwa kuwa hubebwa na kromosomu X na wao wanayo moja tu. Nenda kliniki ya macho, omba kipimo cha Ishihara, kile cha kusoma namba zilizofichwa ndani ya vidoti. Hakichukui muda.

Pili, chanjo ya homa ya ini B. Watu huisubirisha hadi chuo kiwakumbushe, na hesabu inawakataa: dozi ni 3, ya pili mwezi mmoja baada ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya kwanza. Anayetaka kuingia darasani Oktoba akiwa amekamilisha, aanze Aprili. Waliozaliwa miaka ya karibuni wengi waliipata wakiwa wachanga, ndani ya ile pentavalenti ya mapajani, sindano moja ya magonjwa matano, kwa hiyo mwombe mama akutafutie kadi ya kliniki kabla hujatoa hela. Kadi isipoonekana, kuna kipimo cha kuangalia kama kinga ipo mwilini. Sindano iliyotoka kwa mgonjwa ikikuchoma hairudi nyuma kukuuliza kama umechanja.

Choo, mkojo na makohozi utavizoea. Wiki ya kwanza chakula hakipiti vizuri, ya tatu unakula chapati kama kawaida.

Hesabu usizikimbie. Hakuna anayekudai kalkulasi, ila uwiano utauishi kila siku: Giemsa ya asilimia 10 ni mililita 1 ya rangi kwa 9 za bafa, yaani maji ya kuizimulia, si kwa 10. Ukihesabu vimelea 50 vya malaria dhidi ya seli nyeupe 200, unazidisha kwa 8,000, idadi ya seli nyeupe inayokadiriwa katika maikrolita moja ya damu, na kugawanya kwa 200, unapata 2,000 kwa kila maikrolita. Ukikosea sifuri moja, daktari anaona ugonjwa mwingine kabisa.

Chuo nacho kikague kabla hakijakukagua wewe. Hakikisha kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, maana bila hilo kuja kupata usajili kwenye Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya ni ndoto, na bila usajili hufanyi kazi. Halafu nenda mwenyewe uombe kuoneshwa maabara ya mafunzo. Hesabu darubini zinazofanya kazi, usihesabu zilizofunikwa nailoni. Uliza fildi wanapeleka wapi, kwa sababu nauli na chumba huko ni juu yako na havimo kwenye karatasi ya ada.

Lililobaki halipimwi kliniki wala chuoni: je, ukikosea, unaweza kusema? Nilikuwa fildi, wodi ya watoto. Damu ya mtoto mmoja haikutosha kwenye kichupa chenye kifuniko chekundu, nami nikaona busara kuongezea kidogo kutoka kile cha zambarau. Damu si ileile! Potasiamu ikatoka juu kiasi cha kuusimamisha moyo, na mwenye nayo nilimwacha kitandani akimenya chungwa. Mama aliyekuwa mkuu wa zamu hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Kalsiamu je?" Kalsiamu ilikuwa karibu na hakuna. Kichupa cha zambarau kina EDTA, chumvi yenye potasiamu inayokamata kalsiamu yote inayoikuta, na yeye alishajua kabla hajauliza. Alikuwa anasubiri niseme mwenyewe. Nilikaa kimya kama dakika nzima, nikasema.

Akayafuta yale majibu, akanipa kichupa kipya, akanirudisha wodini. Mtoto aliponiona mlangoni akaficha mikono yote miwili chini ya shuka, chungwa likaanguka.