Jinsi ya kucheza wizadi mteule wa mungu bila kuwaboa wenzako mezani

Niseme ukweli mapema: kampeni yangu ya kwanza yenye mteule kwenye Dungeons and Dragons, gemu ya mezani ya kuigiza wahusika kwa kete (kampeni ni hadithi ndefu ya vikao vingi), ilikufa kikao cha nne na muuaji ni mimi. Nilikuwa DM, yaani mwendesha gemu, nikampa jamaa mmoja wizadi aliyechaguliwa na Mystra, mungu wa uchawi, basi nikammwagia kila kitu kuanzia leveli ya 1, fimbo inayoongea, ndoto za usiku, wazee wa mji wanampigia magoti, na wale wengine watatu wakabaki kama wabeba mabegi. Kikao cha nne namuona anayecheza mwizi anaangalia mpira kwenye simu, zamu yake ikifika anauliza "eti tuko wapi?" Nikajua hapa pameharibika.

Tangu hapo nimeendesha wateule wengine wawili na wametoka vizuri, kwa hiyo haya ninayoandika nimeyalipia. Sheria tunazotumia ni D&D toleo la tano, ya 2014, na dunia ni Forgotten Realms, ile aliyoibuni Ed Greenwood tangu utotoni kabla haijaingia sokoni kama dunia ya D&D mwaka 1987. Ukitumia dunia nyingine badilisha majina tu, kazi ni ileile.

Halafu kitu kimoja kabla hatujaanza: mimi nasema wizadi, sisemi mchawi. Kuna siku tunacheza sebuleni saa tatu usiku, mwenzetu kanogewa anasema kwa sauti "mimi ni mchawi na nimeteuliwa leo usiku", shangazi yangu yuko koridoni. Akaingia. "Nyie, mnataja wachawi usiku huu humu ndani?" Tukaanza "shikamoo shangazi, ni gemu tu shangazi", ikabidi tuzime hata ile miziki ya kutisha. Mchawi kwetu ni mtu mbaya, habari imeisha. Wizadi ni msomi, ana kitabu, kakesha nacho miaka.

Hatua ya 1: Elewa huyo mteule kateuliwa kufanya nini

Watu wengi wanadhani mteule ni mtu aliyepewa nguvu. Hapana. Mteule ni mtu aliyewekewa amana.

Kwenye Forgotten Realms uchawi wote unapita kwenye kitu kimoja kilichosukwa, kimetandazwa dunia nzima, sisi mezani tunakiita Mkeka. Wizadi akisoma speli, yaani kanuni ya uchawi, anashika miyaa ya huo Mkeka na kuivuta kwa namna aliyojifunza. Mystra ndiye mwenye Mkeka. Sasa yeye ni mungu lakini anaweza kufa, na kweli imetokea, mwaka 1358 kwa kalenda ya kule na tena mwaka 1385, na mara ya pili Mkeka wenyewe ulichanika, uchawi ukavurugika dunia nzima. Kwa hiyo anachofanya ni kuchukua sehemu ya nguvu yake na kuiweka ndani ya binadamu wachache, ili akianguka kisipotee chote. Elminster wa Shadowdale, yule mzee wa kiko na ndevu, ni mmoja wao. Khelben wa Waterdeep naye. Na wale dada saba, akina Storm na Alustriel.

Umeona? Nguvu sio zako, umeshikiwa... hapana, wewe ndo umeshikishwa. Kama jirani anasafiri anakuachia funguo na kuku. Huwezi kuchinja kuku halafu ukasema umebarikiwa.

Na mteule anaweza kuharibika. Sammaster alikuwa mteule wa Mystra, kichwa kikaruka, akaishia kuanzisha dhehebu la kutukuza majoka. Au kama umecheza Baldur's Gate 3, gemu ya 2023, unamjua Gale, yule ni mteule ambaye uteuzi wake ulitenguliwa, na kabaki na kitu kifuani kinachodai kulishwa vifaa vya uchawi. Sisi Watanzania hili tunalielewa haraka kuliko mtu yeyote, mkeka wa teuzi za serikali unatoka usiku, jina lako lipo, na mkeka mwingine unaweza kutoka kesho ukasoma jina la mwenzako kwenye kiti chako.

Hatua ya 2: Ongea na wenzako kabla ya kete ya kwanza

Hii usiruke. Kikao cha kwanza msicheze kabisa, kaeni mzungumze. Waulize wachezaji wengine moja kwa moja: "Mhusika wangu atakuwa mteule, mko sawa?" Na kila mmoja aseme mhusika wake anamwonaje huyo mteule. Mmoja aseme haamini. Mmoja aseme anamuonea wivu. Mpiganaji wetu mmoja alisema tu "alinikopa hela" na hiyo ikatubeba miezi.

Hatua ya 3: Andika mistari mitatu, isizidi

Hadithi ya nyuma ya kurasa sita hakuna atakayeisoma, DM mwenyewe hataisoma. Andika: ulikuwa unafanya nini siku ulipoteuliwa, mungu alisema nini (maneno yasizidi kumi), na kitu gani ambacho hutaki kukipoteza. Huo mstari wa tatu ndo chakula cha DM.

Mfano wa kweli wa mezani kwetu: "Nilikuwa nanakili kitabu cha mwalimu wangu bila ruhusa. Akasema, umeiba vizuri, sasa utalinda. Sitaki kupoteza kitabu changu." Basi. Nilifanya kampeni nzima na hayo.

Hatua ya 4: Tengeneza wizadi wa kawaida kabisa

Narudia, wa kawaida. Tumia zile namba za kugawa 15, 14, 13, 12, 10, 8. Weka 15 kwenye akili, 14 kwenye ustahimilivu, 13 kwenye wepesi. Ukichagua kabila la elfi wa juu (high elf) unaongezewa 2 za wepesi na 1 ya akili, unafika 15 na 16, inatosha sana. Utaanza na speli 6 kitabuni, kantripu 3 za wizadi, yaani speli ndogo zisizoisha (elfi wa juu anapata moja ya ziada), sloti 2 tu za leveli ya kwanza, yaani nafasi za kurusha speli, na utaandaa speli 4 kwa siku.

Sasa angalia uhai: 6 za wizadi jumlisha nyongeza ya 2 inayotoka kwenye ustahimilivu wa 14, ni 8. Goblini mmoja, kijitu kidogo cha hovyo, na upanga wake anapiga 1d6+2 (kete ya pande 6 jumlisha 2), wastani kama 5. Akikupata mara mbili uko chini, mteule wewe, unalala kwenye tope kama mtu mwingine yeyote. Ukivaa ile speli ya deraya ya kichawi kinga yako ni 15, ambayo sio mbaya ila sio ukuta.

Na mimi huo udhaifu siugusi, napenda ubaki. Mteule mwenye uhai 8 anahitaji wenzake, na wenzake wakijua wanahitajika hawaangalii mpira.

Hatua ya 5: Moto wa fedha na vizibo vya soda

Wateule wa Mystra wanajulikana kwa moto wa fedha. Kwenye vitabu ni kitu kizito sana, ukimpa mtu wa leveli ya 1 kama ulivyo umeua gemu. Sisi tumejitungia sheria yetu, sio rasmi, ila imefanya kazi:

Mara moja kati ya mapumziko marefu (yale ya kulala usiku) mteule anaweza kuwasha moto wa fedha, na kete yoyote ya pande 20 iliyorushwa, yake au ya mwenzake, inarushwa upya. Lazima mpokee matokeo mapya. Kila akiwasha, anachukua kizibo cha soda na kukiweka kwenye sahani katikati ya meza. Vikifika vitatu, Mystra anadai. DM anavifuta, na anataja kazi moja. Mteule akikataa, moto unazima mpaka atubu kwa namna fulani, lakini speli zake zinabaki zote kwa sababu hizo alizisoma mwenyewe.

Mbona vizibo? Kwa sababu vinaonekana. Deni likiandikwa kwenye daftari la DM hakuna anayeliogopa, ila kizibo kikigonga sahani kila mtu anageuka. Tumejaribu na mbegu za ubuyu, zililiwa.

Hatua ya 6: Kwa DM, funga mdomo wa mungu

Mystra asiongee ongee. Sauti mara moja kwa kikao ni nyingi. Tumia ishara: mshumaa unawaka rangi ya fedha, kitabu kimefunguka ukurasa ambao hukuufungua. Na maagizo yasiwe ya kuua joka, yawe ya kuuma: rudisha, acha, mfundishe fulani, usimwambie mtu.

Kwa upande wa mchezaji, ukicheza huyu usimcheze kama kleriki, yaani mtumishi wa mungu. Kleriki anaomba, anapewa, anashukuru. Wizadi kasoma kwa jasho lake, halafu siku moja anaambiwa kumbe una baraka, na hapo ndo utamu wote wa huyu mhusika: hii speli nimeiweza mimi au nimesaidiwa? Mpe hilo swali aishi nalo. Akishinda asifurahi moja kwa moja.

Hatua ya 7: Deni liwe la kundi

Hapa ndo kila kitu kinakutana, kwa hiyo nieleze ilivyotokea.

Kundi letu lilikuwa limetoa kitabu cha speli kwenye mnara uliobomoka. Wizadi wetu kashanakili speli moja ya leveli ya kwanza, katumia saa 2 na sarafu 50 za dhahabu kama sheria inavyodai. Mwizi, anachezwa na yule yule jamaa wa mpira, kashapata mteja wa sarafu 200. Njiani wakavamiwa, mpiganaji akaanguka, uhai sifuri, kete za kufa ameshakosa mbili. Anarusha ya tatu: 4. Chini ya 10 ni kukosa, na kukosa mara tatu ni kufa.

Mteule hakusema kitu. Alichukua kizibo akakiweka kwenye sahani, tik. Kilikuwa cha tatu. Mpiganaji akarusha tena, 17, meza ikapiga kelele mpaka shangazi akauliza nani kafunga goli.

Kelele zilipoisha nikavuta vile vizibo vitatu upande wangu, nikasema neno moja: "Rudisheni."

Kimya. Halafu ikaanza. Mpiganaji anasema kitabu kirudi, roho yake ndo imelipa. Mwizi anasema roho ilikuwa ya mmoja na sarafu ni za wanne. Kleriki anauliza kama kunakili nako ni kuiba, mteule anasema ndo kazi aliyoteuliwa nayo, wakabishana dakika 40 na mimi sijaongea, nakula mihogo yangu na pilipili. Hakuna aliyegusa simu.

Wakakubaliana kitabu kirudi mnarani. Wakati wanajiandaa kulala mwizi akaniletea kikaratasi chini ya meza: "Nachana ukurasa mmoja, wasijue." Nikamwambia arushe wepesi, akapata 21 pamoja na nyongeza zake, hakuna aliyeona.

Nikachukua kizibo kimoja kutoka upande wangu, nikakiweka taratibu mbele ya mwizi.