Sisteamini Haiingii Kwenye Sahani ya Utungishaji

Ndugu zangu mnaozalisha viinitete vya ng'ombe maabarani, leo nina neno na sahani moja tu, ile ya utungishaji. Kila nikiitwa kuangalia kwa nini mayai hayagawanyiki, nakuta habari ile ile. Mayai yamekomaa vizuri, seli zinazoyazunguka zimetanuka kama pamba, mbegu za dume zinaogelea. Baada ya siku mbili, yaliyogawanyika ni machache mno. Nikiuliza, naambiwa sisteamini, ile antioksidanti (kemikali ya kupunguza chembe kali za oksijeni), ilisaidia kwenye ukomaaji, kwa hiyo wameiongeza na kwenye utungishaji.

Msiiongeze.

Kwenye ukomaaji, zile saa 22 hadi 24, sisteamini hulisaidia yai kujitengenezea glutathioni, kinga yake ya ndani dhidi ya chembe hizo. Akiba hiyo ndiyo inayolegeza kichwa cha mbegu kikishaingia ndani ya yai. Lakini kabla ya kuingia, mbegu yenyewe inahitaji kiasi kidogo cha zile chembe kali za oksijeni tunazozipiga vita, la sivyo haipati uwezo wa kupenya. Mkizifuta zote, hata heparini mliyoweka kuziandaa mbegu zipenye yai inakosa nguvu. Na huko kijijini mfugaji ameshamchoma ng'ombe mpokeaji sindano za homoni. Siku ya 7 baada ya joto ikipita bila kiinitete, fedha yake imekwenda na inabidi asubiri mzunguko mwingine.

Wengine hawaiongezi kwa makusudi, wanaibeba na pipeti. Ukihamisha mayai pamoja na mikrolita 10 za maji ya ukomaaji ukayatia kwenye tone la mikrolita 90, umeingiza mikromola 10 za sisteamini bila kujua. Osheni mara tatu, kila mara kwenye tone jipya la mikrolita 100 la maji ya utungishaji, na pipeti isibebe zaidi ya mikrolita 5. Hesabu yake ni hii: kutoka mikromola 100, osho la kwanza linaacha 4.8, la pili 0.23, la tatu 0.01. Nimemwona fundi akiosha mara tatu ndani ya tone lile lile. Huko si kuosha! Sahani zikae kwenye bamba la nyuzi 38.5 muda wote huo.

Mchanganyiko wa penisilamini, haipotaurini na epinefrini unaozipa mbegu mwendo ni jambo jingine. Una vipimo vyake, mikromola 20, 10 na 1 kwa mfuatano huo, na vibaki hapo hapo. Ufunikeni kwa foili, mwanga unauharibu.

Sasa mizani. Someni lebo ya chupa kabla ya kupima, maana sisteamini haidrokloridi ina uzito wa molekuli 113.6, na ile isiyo na chumvi ni 77.2. Anayepima moja kwa hesabu ya nyingine amekosea dozi tangu asubuhi. Kwa haidrokloridi, miligramu 11.4 katika mililita 1 ya maji safi hukupa milimola 100. Mikrolita 1 ya hiyo katika kila mililita ya maji ya ukomaaji hukupa mikromola 100, na hapo panatosha. Kuongeza maradufu hakuleti faida maradufu. Dozi kubwa inalidhuru yai. Chupa ikitoka kwenye jokofu iacheni ipate joto la chumba kabla ya kuifungua, unga huo unavuta unyevu.

Gaweni kwenye vijichupa vya matumizi ya mara moja, mgandishe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na kilichobaki baada ya kuyeyuka mwageni. Nasisitiza hili kwa sababu sisteamini iliyokaa wazi huungana na oksijeni, na katika kuungana huko huzalisha haidrojeni peroksidi, sumu ile ile mliyonunua sisteamini ili iizuie.

Baada ya saa 18 hadi 20 za utungishaji, viinitete vinahamia kwenye sahani ya ukuzaji. Humo antioksidanti inaweza kurudi, ila tazameni gesi kwanza: oksijeni asilimia 5, kabonidioksidi 5, naitrojeni 90. Kuongeza antioksidanti wakati inkyubeta ina hewa ya kawaida, yenye oksijeni karibu asilimia 20, ni kuteka maji kwa pakacha.

Siku ya 7 mkipata blastosisti, yaani viinitete vilivyofikia hatua ya kuhamishiwa kwa mpokeaji, kwenye theluthi ya mayai, kazi ni nzuri.

Mkibadilisha chochote, wekeni pembeni sahani moja yenye mayai ya siku hiyo hiyo na mbegu za dume yule yule, bila hicho mlichoongeza, na andikeni hesabu za sahani zote mbili daftarini.