Lushoto hadi Mtae kwa miguu: panga safari kuanzia mwisho

Wengi katika kikundi chetu cha matembezi, tunapopanga safari hii ya siku tatu, tunaanza kuhesabu kilomita. Anzeni na gari la kurudi. Mtae iko mwisho kabisa wa safu ya Usambara Magharibi, na mabasi ya kwenda Lushoto huondoka kabla hapajakucha. Ukiyakosa, siku imekwenda. Fika Mtae mchana, lala hapo, na jioni hiyohiyo muulize konda anaondoka saa ngapi.

Hatua ya 1: Kufika. Kuna mabasi ya moja kwa moja kutoka Dar na Tanga. Ukipanda la Moshi au Arusha, shuka Mombo, kisha chukua haisi ya kupanda mlima kupitia Soni.

Hatua ya 2: Pa kulala. Siku ya kwanza pita msitu wa Magamba, ulale Lukozi. Ya pili lala Rangwi, ambako masista wa Kikatoliki hupokea wageni. Piga hodi kabla ya giza. Ya tatu pitia Sunga hadi Mtae. Lukozi na Mtae kuna gesti za kawaida. Magamba ni hifadhi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), kwa hiyo lipa kiingilio mapema. Chukueni pia mwongozaji wa Lushoto, maana vinjia vya mashambani vinagawanyika kila kona.

Hatua ya 3: Maji. Hapa ndipo watu wanapokosea. Wanaona kijani kila upande, wanabeba chupa moja. Lakini sisi tunatembea juu mgongoni mwa milima, na maji yako chini bondeni. Kuyafuata ni kushuka nusu saa na kupanda tena. Beba lita tatu kila mtu, ujaze kila kijiji chenye bomba, hata kama chupa bado ina nusu. Ukiomba maji nyumbani kwa mtu, anza na salamu. “Onga mshi” ya mchana inawafurahisha sana Wasambaa.

Masika, Machi hadi Mei, njia ni utelezi mtupu. Juni hadi Agosti ni kukavu ila baridi inauma. Sweta nzito si anasa.

MASWALI YA WANACHAMA

Kaka, nikichemsha maji ya kijito si inatosha?
Kwa vijidudu, ndiyo. Tatizo ni mashamba: kabichi, nyanya na viazi vya Lushoto hupuliziwa dawa, na dawa hiyo haitoki kwa kuchemsha. Kijito kinachopita chini ya shamba kiache. Chota kile kinachotoka msituni, juu ya mashamba yote, kisha uchemshe.

Naweza kubeba hema?
Kijijini mwone mwenyekiti kwanza. Ndani ya hifadhi usifunge hema bila kibali. Mimi nashauri gesti: mzigo unapungua, na pesa inabaki kwa wenyeji.

Shikamoo. Mama yangu ana miaka 62 na anatamani kuja. Ataweza?
Marahaba, mdogo wangu. Aje. Siku moja kabla ya safari mpelekeni Irente, ukingoni mwa milima, kama kilomita sita tu kutoka Lushoto mjini, akione kijiji cha Mazinde chini kabisa ya ukingo. Akiwa na nguvu, aanze nasi. Lukozi tunakutana tena na barabara ya magari, na akichoka anapanda gari la Mtae, anatusubiri huko. Mmoja wenu aende naye.