Riwaya ya likizo: fungua katikati

Ukiwa kwa muuza vitabu vya mtumba unatafuta riwaya nyepesi ya mapenzi ya kusoma likizo, ruka ukurasa wa kwanza. Fungua katikati, tuseme ukurasa wa 150 kama kitabu kina 300, usome mazungumzo ya ukurasa mmoja tu. Mwanzo waandishi huupiga pasi. Katikati ndipo hadithi nyingi hulegea, wapenzi wamenuniana kwa jambo ambalo simu moja ingelimaliza. Ukicheka, au ukijikuta umefunua ukurasa wa pili ukiwa bado umesimama juani, lipa. Haifai kwa riwaya yenye fumbo, utajimalizia utamu; wala kwa kitabu cha kusomea kwenye simu, maana sampuli ya bure kwa kawaida huwa ya mwanzo tu. Kagua na kurasa za mwisho: vya mtumba mara nyingine hukosa harusi.